Nani alikuwa na haki ya kusema hapana? Kisa cha filamu ya Memoirs of a Geisha

Desemba 2005 kampuni ya Columbia ilitoa Memoirs of a Geisha, hadithi ya msichana wa kijiji cha wavuvi anayeuzwa na baba yake, akapelekwa Kyoto, akalelewa katika nyumba ya mageisha, wanawake waliofunzwa kuwaburudisha wageni kwa muziki, ngoma na mazungumzo, na hatimaye akawa anayetamaniwa kuliko wote mjini miaka michache kabla ya vita. Bajeti ilikuwa takriban dola milioni 85. Mwongozaji alikuwa Rob Marshall, ambaye filamu yake ya Chicago ilikuwa imechukua Oscar ya filamu bora mwaka 2003. Steven Spielberg, aliyekusudia hapo mwanzo kuiongoza mwenyewe, alibaki miongoni mwa watayarishaji. Kabla haijafika kwenye majumba ya sinema, ugomvi ulikuwa umeshawaka: wanawake watatu wanaoibeba hadithi hii ya Kijapani hawakuwa Wajapani. Zhang Ziyi na Gong Li ni wazaliwa wa China, na Michelle Yeoh ni Mmalaysia wa asili ya Kichina.

Ugomvi huo ndio wengi wanaoukumbuka hadi leo kila filamu hii inapotajwa. Kwangu mimi, ulitushughulisha na jambo la pili tukaliacha la kwanza. Hata kama nafasi zile tatu zingechukuliwa na waigizaji kutoka Tokyo, filamu ingebaki na kasoro zake zilezile kubwa, kwa sababu haikutengenezwa na watu wasiojua. Ujuzi ulikuwepo tele. Kilichokosekana ni mtu mwenye ujuzi huo aliyepewa mamlaka ya kulikataa jambo likakatalika.

Chanzo: kitabu na kesi yake

Filamu ilitokana na riwaya ya Arthur Golden iliyotoka 1997 na kuuza nakala kwa mamilioni. Golden hakuwa mbumbumbu wa Japani. Alisomea sanaa ya Kijapani katika chuo kikuu cha Harvard, na historia ya Japani katika chuo kikuu cha Columbia. Alipokuwa akiandika alikwenda Kyoto na kuongea kwa kirefu na Mineko Iwasaki, mmoja wa mageisha mashuhuri kabisa wa Gion, mtaa maarufu wa mageisha huko Kyoto, katika miaka ya 1960 na 1970, mwanamke aliyeingia katika nyumba ya mageisha akiwa mtoto mdogo na kustaafu akiwa na umri wa miaka 29. Riwaya ilipotoka, jina la Iwasaki lilikuwamo katika ukurasa wa shukrani.

Mwaka 2001 Iwasaki alimshtaki Golden na mchapishaji wake. Madai yalikuwa mawili: kwamba aliahidiwa jina lake lisitajwe, na kwamba kitabu kilimharibia sifa kwa kuchanganya maisha yake na mambo ambayo, kwa maelezo yake, hayakuwa ya Gion. Mwaka 2002 akachapisha kitabu chake mwenyewe cha kumbukumbu. Mwaka 2003 kesi ikamalizwa nje ya mahakama. Kwa hiyo Marshall alipoanza kupiga picha, kila mmoja katika mradi huo angeweza kujua kwamba mtoa habari mkuu wa hadithi alikuwa ameikana hadharani.

Jambo lililomkera Iwasaki kuliko yote lilikuwa mizuage. Katika riwaya, na baadaye katika filamu, ubikira wa Sayuri, jina analopewa yule msichana akiwa geisha, unanadiwa, wanaume wanashindana kwa bei, na mshindi anavunja rekodi ya mji. Iwasaki alisema kwamba kwake yeye neno hilo lilihusu sherehe ya kuvuka ngazi, msichana anapobadilishwa mtindo wa nywele na kuhesabiwa mtu mzima, na kwamba mnada ni wa ulimwengu wa makahaba wa kale, oiran, ambao walikuwa tabaka jingine lenye mitaa yake.

Hapa inatupasa kuwa waangalifu, kwa sababu haki haiko upande mmoja tu. Iwasaki alizaliwa 1949 na kufanya kazi baada ya vita, wakati sheria ya kupiga marufuku ukahaba, iliyopitishwa 1956, ilikuwa imeshabadilisha mambo mengi. Ushahidi wake kuhusu miaka ya 1930 si wa aliyeyaona. Tena kuna ushahidi wa mwingine: Sayo Masuda, mwanamke aliyeuzwa akiwa mtoto na kufanywa geisha katika mji wa chemchemi za maji moto, mkoani Nagano, aliyaandika maisha yake mwaka 1957. Maandishi yake ni machungu. Anasimulia njaa, kipigo, na mwili wake kuuzwa kwa wanaume. Mtu akisema kwamba hakuna geisha aliyewahi kutendewa hivyo, anamfuta Masuda.

Kosa la hadithi ya Golden, basi, halikuwa kuonyesha ukatili. Kosa lilikuwa kuchukua yaliyotokea katika mahali pa namna moja na kuyabandika mahali pa namna nyingine, kana kwamba geisha wa hoteli ya chemchemi na yule wa mtaa wa juu kabisa wa Kyoto ni mtu mmoja kwa sababu wote huvaa kimono. Kwa msomaji wa mbali ni tofauti ndogo. Kwa mwanamke wa Gion ni tofauti kati ya heshima yake na kashfa. Na filamu ilipoirithi riwaya, ililirithi kosa hili bila kuligusa, ingawa malalamiko yalikuwa yameshafika mahakamani.

Pesa zilipokwenda

Tuseme ukweli: macho yalitendewa haki. Mbunifu wa mandhari John Myhre alijenga mtaa mzima wa Kyoto ya zamani katika shamba moja huko California, wenye vichochoro, mifereji na paa za vigae, kwa kuwa Kyoto ya leo imejaa nyaya za umeme na majengo marefu. Sehemu chache zilipigwa Japani kwenyewe, likiwamo lile onyesho la mtoto anayekimbia chini ya malango mekundu ya hekalu la Fushimi Inari. Colleen Atwood alisimamia mavazi, Dion Beebe akashika kamera. Liza Dalby, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyeishi miongoni mwa mageisha wa Kyoto katika miaka ya 1970 na kuandika utafiti unaoheshimiwa hadi leo, aliitwa kuwa mshauri.

Machi 2006 filamu ikaingia kwenye Oscar ikiwa imeteuliwa mara sita, ikashinda tatu: mandhari, upigaji picha, mavazi. Teuzi nyingine tatu zilikuwa za muziki na sauti. Hakuna uteuzi wa uandishi, wala wa uongozaji, wala wa uigizaji. Hollywood yenyewe, kwa kura zake, ilikuwa imesema kilichomo ndani: kitu cha kutazamwa na kusikilizwa, si hadithi ya watu.

Na hata katika yale ya kutazamwa, mkono wa mbunifu ulikuwa na nguvu kuliko mkono wa mshauri. Nywele zimelegezwa mahali ambapo maiko, yaani msichana anayejifunza kazi, angekuwa na mtindo mgumu unaojengwa na fundi na kulindwa usiku kwa kulalia mto mrefu wa shingo. Poda nyeupe imepunguzwa ili uso wa mwigizaji nyota uonekane. Kimono zimebanwa mwilini ili zifuate umbo, ilhali ufundi wa kufunga kimono unakusudia kulificha umbo. Sayuri amepewa lenzi za macho ya rangi ya samawati na kijivu kwa sababu riwaya ilisema hivyo, na ndani ya hadithi macho hayo ndiyo yanayomfanya awe wa pekee. Kwamba msichana wa Kijapani ahitaji macho yasiyo ya Kijapani ili awe mzuri kupita wenzake ni wazo ambalo mtu mmoja tu mwenye kauli angetosha kulifuta kabla kamera haijawashwa.

Dakika chache za ngoma

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ngoma ya Sayuri. Anatokea peke yake jukwaani, katika mwanga wa buluu, theluji ya karatasi ikimwagika, nywele zimefunguliwa, miguuni viatu vyeusi virefu mno vya mbao. Anazunguka, anatupa kichwa nyuma, anaanguka, anajikunja. Ukumbi wote unashangaa. Ni onyesho lenye nguvu, na Zhang Ziyi, aliyesomea densi tangu utotoni, analicheza kwa moyo wake wote.

Sasa weka kando ya hilo kinachochezwa Gion. Riwaya imewekwa Gion, na ngoma ya wanawake wa Gion Kobu, sehemu kubwa ya mtaa huo, ni ya shule ya Inoue, iliyochota kutoka kwenye michezo ya kuigiza ya kale iitwayo noh na ya vikaragosi. Nyonga hushushwa, magoti hukunjwa, uso hutulia. Hisia inabebwa na pembe ya feni au na kichwa kinachogeuka kidogo tu. Maonyesho ya Miyako Odori yalianzishwa 1872, miaka michache baada ya mfalme kuhamia Tokyo, ili kuirudishia Kyoto uhai wake. Hufunguliwa na safu za wanawake waliovaa kimono za namna moja, wakitembea pamoja kwa hatua moja. Uzuri wake uko katika kujizuia na katika kundi. Anayejitokeza peke yake akitupa nywele amevunja kila kitu alichofundishwa.

Ile ngoma ya filamu imetoka wapi? Marshall alikuzwa na Broadway, majukwaa makubwa ya michezo ya kuigiza ya New York, alikuwa mchezaji na mtunzi wa densi kabla ya kuwa mwongozaji wa filamu. Katika ulimwengu huo, nyota huzaliwa kwa onyesho la peke yake linalopasua moyo. Alifanya alichokijua vizuri, na kwa lugha ya Broadway alifanikiwa. Lakini viatu vile virefu vyeusi vinafanana na vya oiran katika maandamano yao, na nywele zilizofunguliwa ni picha ya kabuki, mchezo wa jukwaani wa Kijapani, ya mwanamke aliyeshikwa na wazimu au mzimu. Kwa hiyo katika kilele cha hadithi, mahali ambapo mtazamaji anaambiwa huyu sasa ni geisha kamili, mwili wake unasema ni kahaba wa kale au kichaa. Dalby, aliyewahi kujifunza sanaa hizi mwenyewe, alikuwa kwenye orodha ya washauri. Waigizaji wa Kijapani walikuwepo. Lakini mwenye neno la mwisho kuhusu ngoma alikuwa mtunga densi kutoka New York, na Marshall mwenyewe alishasema wazi kwamba hakuwa akitengeneza filamu ya kumbukumbu za kweli.

Utetezi huo siudharau. Sanaa ina haki ya kubuni, na filamu za Kijapani zenyewe zimewabuni mageisha na masamurai kwa miaka mingi. Tofauti ni kwamba mbunifu wa Kijapani anapovunja kanuni ya Gion, watazamaji wake wanajua kwamba imevunjwa. Mtazamaji wa Ohio au wa Paris aliiona ngoma ile akaamini ndiyo kanuni.

Lugha iliyonyooshwa

Kila mtu katika filamu anaongea Kiingereza, na kila mmoja kwa lafudhi yake: ya Kichina, ya Kijapani, ya Kimalaysia. Wengi walicheka lafudhi. Hasara kubwa zaidi ni nyingine.

Wasichana wanaoingia mitaa ya mageisha ya Kyoto kutoka nje hufunzwa kwanza kusema. Lahaja ya Kyoto ina upole wake, ina salamu na shukrani zake, ina namna ya kumalizia sentensi inayomtambulisha mtu wa mtaa huo mara moja. Mwenye nyumba huitwa mama, mkubwa wako kazini huitwa dada, na uzito wa heshima hubadilika kila unapomgeukia mtu mwingine chumbani. Chiyo wa hadithi hii anatoka kwa wavuvi wa pwani ya mbali. Kubadilika kwake kuwa Sayuri kungesikika kwanza mdomoni, kabla ya kuonekana kwenye nguo. Fikiria filamu ya nyumba moja ya Lamu ambamo mtumishi mgeni na bibi mwenye nyumba wanaongea Kiswahili kimoja kilichonyooshwa cha taarifa ya habari, bila Kiamu, bila shikamoo kuwa na uzito wowote. Ungeona mavazi mazuri na usijue nani ni nani.

Sababu iliyokuwa ikitolewa zama hizo kwa uamuzi wa namna hii ni biashara: Mmarekani hasomi tafsiri chini ya skrini. Lakini miaka mitano kabla, Crouching Tiger, Hidden Dragon, filamu ya Kimandarini mwanzo hadi mwisho, ilikuwa imeingiza zaidi ya dola milioni 100 Marekani peke yake. Waigizaji wake wakuu wa kike walikuwa Michelle Yeoh na Zhang Ziyi. Hao hao waliokuwa wamethibitisha kwamba watazamaji watasoma, sasa waliajiriwa ili watazamaji wasisome.

Kuhusu uraia wao, sina mengi. Waliwachukua kwa sababu ya majina yao makubwa, na Hatsumomo, geisha mpinzani wa Sayuri anayechezwa na Gong Li, ndiye mtu aliye hai kuliko wote katika filamu hii. Maumivu zaidi yalitokea China. Aprili 2005 watu walikuwa wameandamana huko kupinga Japani kwa sababu ya vitabu vya shule na ziara za viongozi wa Japani kwenye hekalu la Yasukuni, linaloenzi wanajeshi wao waliokufa vitani, na kumwona Zhang Ziyi akicheza mwanamke anayewaburudisha wanaume wa Japani ya miaka ya 1930, muongo wa mauaji ya Nanjing, kuliwasha hasira. Alitukanwa vibaya, na onyesho lililotarajiwa nchini humo mapema 2006 likafutwa. Mwigizaji akalipia uamuzi ambao haukuwa wake. Machoni pa waliochagua, sura ya Mwasia ilikuwa sura ya Mwasia, na historia ya mataifa mawili haikuingia kwenye hesabu.

Mwaka mmoja baadaye

Ushahidi kwamba mambo yangeweza kwenda vingine ulitoka haraka, tena kutoka Hollywood ileile. Desemba 2006 Clint Eastwood alitoa Letters from Iwo Jima, vita vya 1945 vikionekana kutoka upande wa wanajeshi wa Kijapani. Ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 19. Sehemu kubwa ilipigwa nje ya Japani, California ikiwamo, na muda mfupi tu kisiwani kwenyewe. Nyota wake alikuwa Ken Watanabe, yuleyule aliyekuwa Mwenyekiti, mwanaume anayependwa na Sayuri, katika filamu ya Marshall. Eastwood hajui Kijapani.

Lakini filamu nzima ni ya Kijapani. Mswada uliandikwa na Iris Yamashita, Mmarekani wa asili ya Kijapani, kutokana na barua za Jenerali Tadamichi Kuribayashi, kisha ukatafsiriwa. Kwa kuwa mwongozaji hakuweza kusikia kama sentensi ya askari ni sahihi, hakuwa na njia ila kuwaamini wanaosikia. Kutojua kwake kuliwapa wengine mamlaka, na hapo ndipo ninapoona kiini cha visa hivi viwili. Filamu iliteuliwa kugombea Oscar ya filamu bora, na Japani iliipokea kwa wingi.

Njia hiyo ilifikishwa mbali zaidi na tamthilia ya Shōgun ya 2024, iliyopigwa Kanada, ambayo mazungumzo yake mengi ni ya Kijapani. Hiroyuki Sanada, aliyekuwa mwigizaji tu katika The Last Samurai ya 2003, safari hii alikuwa pia mtayarishaji. Alikagua mawigi, mikanda, namna ya kukaa na ya kushika upanga, na cheo chake kilimwezesha kusimamisha kazi jambo lirekebishwe. Ilichukua tuzo 18 za Emmy, tuzo za televisheni za Marekani. Tazama kwamba katika visa vyote vitatu mahali pa kupiga picha hapakuwa hoja, wala rangi ya mwongozaji.

Nikirudi kwenye kisa chetu, maamuzi matatu yangetosha kuibadilisha filamu ile bila kuongeza bajeti kwa kadiri ya kutisha. Mswada ungepitishwa na mtu wa Kyoto mwenye haki ya kufuta. Ngoma ingekabidhiwa kwa mwalimu wa ngoma hiyo, na Marshall abaki na kamera na mwanga, vitu anavyovimudu sana. Mazungumzo yangekuwa ya Kijapani, jambo ambalo lenyewe lingeamua swali la waigizaji bila kelele. Nafahamu kwamba mtayarishaji wa 2005 angeliona hilo la tatu kuwa hatari kubwa. La kwanza na la pili hayakuwa na hatari yoyote.

Gion yenyewe bado inaishi na picha ambayo wengine wameichora. Mwaka 2019 wakazi waliweka mabango ya faini ya yen 10,000 kwa wanaopiga picha katika vichochoro vya binafsi, kwa sababu watalii walikuwa wakiwafukuzia maiko barabarani na kuwashika mikono ya kimono, na mwaka 2024 baadhi ya vichochoro hivyo vikafungwa kwa watalii. Siibebeshi filamu moja mzigo huo wote. Hata hivyo, wengi wa wageni hao walimjua geisha kwenye skrini kabla ya kumwona kwa macho, na ilikuwa rahisi kwao kumsahau kama mtu anayewahi kazini.

Miyako Odori huchezwa kila Aprili katika ukumbi wa Gion Kobu, uliofunguliwa tena 2023 baada ya ukarabati, na mgeni yeyote anaweza kununua tiketi. Asiyeweza kufika Kyoto anaweza kutafuta video za maonyesho hayo, azitazame kwanza, kisha ndipo aiwashe ile ngoma ya theluji ya karatasi.